Siku Chuma Kilipotoka na Kitunguu

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Afande, mlinzi wa chuo chetu, maana yeye akiisimulia huongeza moto na gari la zimamoto ambalo halikuwepo, na aibu niliyoipata siku ile inanitosha, sihitaji ya kuongezewa. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mwalimu aliyekaanga springi ya lori mbele ya wageni wa ukaguzi. Haya, chekeni mmalize ndipo tuendelee.

Kwa wasionijua, mimi ni Mkenya wa Busia, nimeishi Kampala mpaka watu wa bodaboda wa Kawempe wamechoka kunidanganya, na kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi somo la vitendo la vyuma. Yaani tunakivuta chuma mpaka kikatike, tunakigonga, tunakichoma, tunakipoza, halafu wanafunzi wanaandika ripoti kueleza kwa nini kimefanya kilichofanya (na wengine wanaandika uongo mtupu, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Maabara yenyewe nimeilea kama mtoto. Vyuma vyetu vingi ni chakavu nilivyoviokota kwa mafundi wa Katwe, tanuru tumelirekebisha wenyewe, na mashine ya kupima ugumu ukiigusa vibaya inanuna. Ila ni yetu, na naipenda, siwafichi.

Na katika maabara hiyo nina sheria moja ambayo hata mkuu wa idara anaiogopa: chakula marufuku. Nimeibandika mlangoni kwa herufi nyekundu. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimemkamata mwanafunzi wangu Nakato, msichana hodari kuliko wote darasani, ana roleksi mfukoni mwa koti la maabara (ile chapati yetu ya Kampala inayofungwa na mayai ndani), nikamtoa nje akaile uani kwenye mvua, nikamhubiria habari za usafi na nidhamu ya kisayansi mpaka ikapoa. Mkumbuke hiyo roleksi. Itanirudia.

Sasa, siku hiyo ilikuwa ya ukaguzi. Kamati ilikuwa imekuja kuamua kama maabara yetu inafaa kuendelea, na habari tuliyokuwa tumeipata ni kwamba wakisema haifai, somo la vitendo linafungwa, chumba kinageuzwa stoo ya viti, na wanafunzi wangu watafundishwa chuma kwa chaki ubaoni. Kwa chaki! Mtu aje kujenga daraja na hajawahi kusikia chuma kinapolia? Nilikuwa silali vizuri.

Onyesho nililolipanga lilikuwa rahisi na zuri. Unachukua vipande vya springi ya lori, unavichoma kwenye tanuru mpaka vinawaka vyekundu, kimoja unakitumbukiza kwenye maji na kingine kwenye mafuta. Vyote vinakuwa vigumu, lakini cha maji hupozwa kwa pupa, mara nyingi kinapasuka, na cha mafuta kinatulia. Mtoto wa chekechea angeelewa. Taabu ni kwamba Ijumaa bati letu lilivuja, mvua ikaingia kwenye ndoo ya mafuta ya maabara, na mafuta yenye maji hayatumbukizwi chuma cha moto hata na mwendawazimu, yanakurukia usoni. Basi nikasema Jumatatu nitapitia soko la Owino ninunue mapya ya kupikia, maana hayo nayo yanafaa kabisa kwa kazi hii.

Jumatatu ikanyesha mvua ya kufuata mtu. Nikaiwazia Owino na matope yake, nikaviangalia viatu vyangu vya ukaguzi, kisha nikaiona ndoo ya dada yangu Rose pale mlangoni, imefunikwa vizuri, imejaa mafuta. Rose tunaishi naye, anauza samaki wa kukaanga hapo barabarani, na Jumapili alikuwa amekaanga kutwa nzima. Nikajiambia, mafuta si ni mafuta? Nikaibeba. Rose alikuwa bado amelala, sikumwamsha (nilijua angesema hapana, ndiyo maana). Jamani, ndio uamuzi wenyewe huo. Mengine yote yalitoka kwenye hiyo ndoo.

Wageni wakaingia, watatu, mwenyekiti wao akiwa Profesa mmoja mzee kutoka Tanzania, mpole, suti ya kijivu, Kiswahili kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Nikawakaribisha. Nikawaonyesha tangazo langu jekundu mlangoni, nikaeleza kwa kirefu jinsi nisivyovumilia hata punje ya karanga mle ndani, na Profesa akaitikia kwa kichwa akasema, "Vizuri sana, Mwalimu. Nidhamu ndiyo maabara." Mimi huyo, kichwa kikavimba.

Nakato akavaa glavu, akatoa kipande cha kwanza kwenye tanuru, akakizamisha kwenye maji. Tshhh! Mvuke ukapanda, halafu tukasikia "ta!", kimepasuka kama nilivyoahidi. Wageni wakaandika. Akachukua cha pili, akakizamisha kwenye mafuta, ambayo tulikuwa tumeyapasha moto kidogo kama inavyotakiwa.

Mafuta yakachemka, yakatoa moshi, na moshi ukatoa harufu.

Ndugu zangu, sijui niielezeje. Haikuwa harufu ya maabara. Ilikuwa harufu ya Kawempe saa moja jioni, samaki ameiva upande mmoja unamgeuza wa pili, na nyuma yake kuna kitunguu na ndimu. Mgeni mmoja akameza mate, nilimwona. Tumbo la Nakato likanguruma (roleksi yake si iliishia kwenye mvua?). Madirisha yalikuwa wazi, na ile harufu ikatoka ikatembea barandani, ikashuka ngazi, ikavuka mpaka hosteli.

Lazima mwelewe desturi ya pale kwetu. Wageni wakubwa wakija hupikiwa, na wakishakula, kinachobaki ni cha kila mtu, kila mtu anajua, kuanzia wahadhiri mpaka wafagiaji. Kwa hiyo siku ya wageni, harufu ya kukaanga ni tangazo. Watu hawaulizi.

Profesa akanusa taratibu. "Mwalimu," akasema, "hapa mnapika?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, tucheke, tuendelee. Lakini nikalikumbuka tangazo jekundu, nikakumbuka hotuba yangu, na mdomo wangu ukaamua wenyewe. "Hapana, Profesa! Haya ni mafuta maalum ya mimea. Ni... ni utafiti wetu."

"Ala! Ya mmea gani?"

"Mchanganyiko," nikasema. (Mchanganyiko! Mungu wangu!)

Yule mzee akavutiwa kweli kweli, macho yakamng'aa, akavuta kiti mpaka karibu na ndoo. Akasema mafuta ya kienyeji ndiyo mambo anayoyapenda, na je, tunaweza kurudia, ila safari hii akae karibu aone vizuri? Kulikuwa na kipande kimoja kimebaki kwenye tanuru. Nikasema bila shaka. Ningesema nini?

Wakati huo nasikia huko nje minong'ono, miguu, vijiko. Nikachungulia. Baranda yote ilikuwa watu. Wanafunzi wa umeme, wa ujenzi, makarani, fundi wa bomba na sahani yake ya plastiki, na mbele yao Afande, mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, amesimama wima kama yuko gwaride.

"Panga laini!" anapiga kelele. "Kila mutu na sahani yake! Wanawake mbele! Wewe wa bomba, rudi nyuma, wewe nakula jana!"

"Afande, unafanya nini?" nikamnong'oneza.

"Madamu, usijali. Watu ilikuwa nasukumana. Mimi nimepanga. Chakula inatoka saa ngapi?"

"Hakuna chakula, Afande! Ni chuma!"

Akanitazama kwa huruma, akanusa, akaniambia polepole kama unavyomwambia mgonjwa, "Madamu. Hiyo ni samaki."

Nikafunga mlango. Nikarudi mbio, nikatabasamu meno yote nje. Nakato alikuwa ameshachukua kile kipande cha mwisho, chekundu, kizuri, akakizamisha. Moshi. Harufu. Huko nje mtu akapiga makofi. Profesa ameinama, miwani imeshuka puani, anangoja kuuona huo mmea wetu.

Nakato akainua koleo. Chuma kikatoka cheusi, kinadondoka mafuta, na katikati yake, kimekivaa kabisa kama pete ya ndoa, kitunguu. Duara zima la kitunguu, limeiva rangi ya dhahabu, limekauka vizuri pembeni. (Rose huweka vitunguu kwenye mafuta kupunguza shombo ya samaki. Nilikuwa najua! Nimekula kwake siku zote, najua, na sikukumbuka hata kuchuja!)

Nakato akakiangalia kile kitunguu, akaniangalia mimi, akaliangalia lile tangazo langu jekundu, halafu akauliza kwa adabu zote, "Madamu, na hii tunaandika kwenye ripoti?"

Nilitamani niingie kwenye tanuru nijifungie. Niliwaza stoo ya viti, niliwaza chaki, niliwaza wanafunzi wangu wanaadhibiwa kwa ajili ya uvivu wangu wa kukanyaga matope, na machozi yakanijia palepale. Nikasema yote. Bati, mvua, Owino, viatu, ndoo ya Rose, mchanganyiko. Nikasema nyie mnifukuze mimi, ila maabara iacheni, watoto hawa hawana kosa.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka, "Ni sato?"

"Samaki huyo huku tunamwita ngege, Profesa."

"Ndiye huyo huyo," akasema. "Nakato, kitoe kitunguu, tukipime chuma."

Tukaenda kwenye mashine ya kupima ugumu, na nilimwomba Mungu isinune siku hiyo. Nakato akakisafisha kipande, akakiweka, akashusha mkono wa mashine polepole. Sindano ikapanda. Ikapanda tena, ikasimama pale pale ninapowafundisha kila mwaka kwamba inatakiwa isimame. Akakigeuza, akapima upande wa pili, ikawa vilevile. Tukakitazama kwa lensi, hakina ufa hata mmoja. Nakato akaeleza kwa nini, bila kutazama karatasi: jinsi mafuta yanavyopoza taratibu, jinsi chuma kinavyojipanga ndani, kwa nini kile cha maji kilipasuka na hiki hapana, na kwamba mafuta ya kupikia yanafaa ila lazima yachujwe (akanikazia macho hapo kwenye kuchujwa, mtoto mbaya yule). Wageni wakamuuliza maswali, akayajibu yote. Mimi nikawa nimesimama pembeni, nina furaha tele, mikono bado inanuka samaki.

Ndipo Profesa akaanza kucheka. Alianza mabega, halafu tumbo, halafu akashika meza. Alipocheka huyu, wenzake nao wakacheka, na Nakato akaketi chini kabisa kwa kicheko.

Mlango ukagongwa. Afande. "Madamu, watu bado nasimama. Mimi nawaambia nini?"

"Mwalimu," Profesa akasema akijifuta macho, "umeziita pua za watu. Walishe."

Nikampigia Rose. Nilimkuta amekwisha kuamka, na amekwisha kujua ndoo haipo, na maneno aliyoniambia siyarudii hapa, watoto wanasikia. Alipomaliza kunitukana nikamwambia kuna laini ya watu wanaotaka samaki, mpaka kwenye ngazi. Akauliza, "Laini ndefu?" Akaja kabla tanuru halijapoa, na beseni kichwani na mkaa na karai, na alikaanga pale uani mpaka jioni, Afande akisimamia zamu, na Profesa alikula ngege wawili amesimama, suti ya kijivu na yote. Nakato naye alikula, na Rose alimpa kichwa cha samaki bure kwa sababu ya ile roleksi, maana habari zilikuwa zimeshamfikia.

Ripoti ya kamati ilisomwa mbele ya kitivo kizima, na mimi nimekaa safu ya mbele, bahati mbaya. Maabara imepita. Wanafunzi wamesifiwa. Na mwisho, kwa sauti ile ya taratibu, sharti moja: chuo kiinunulie maabara mafuta yake yenyewe, na yale ya familia ya Mwalimu yarudishwe nyumbani kwa shukrani. Ukumbi ulicheka mpaka mtu akaanguka na kiti. Tangu siku hiyo jina langu ni Madamu Kitunguu, hata kwenye karatasi za mitihani nimelikuta.

Mimi nimeapa, sibebi tena kitu cha jikoni kukipeleka kazini, hata chumvi, hata kama Owino imekuwa ziwa nitavua viatu niogelee. Pipa jipya la mafuta ya maabara lilifika, zuri, limefungwa, Rose akalizunguka, akaligonga, akaniuliza kwa sauti laini kama hayo nayo hayakaangi. Nikamwambia asithubutu, ni ya mashine, yatamuua mtu. Kesho yake asubuhi nilipofungua maabara nikakuta Afande ameshalishughulikia, ameandika kwa chaki pembeni mwa pipa, herufi kubwa kushinda zile zangu za mlangoni: HII HAPANA YA SAMAKI. DADA YA MADAMU, RUDI NYUMA.