Kompyuta Iliyonyamaza

Shemeji wa jirani yetu Mchapaji ana moyo mzuri, hilo simnyimi, ila haraka zake zimewahi kutuponza zaidi ya mara moja. Jumapili alikuja, akaufuta kwenye kompyuta ya Mchapaji ule mfumo endeshi wa kulipia uliokuwa ukidai kompyuta mpya kila kukicha, akaweka wa bure.

"Huu hauna mwenyewe, shemeji," alisema. "Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, kwa kujitolea tu. Na Kiswahili unajua."

Akaujaribu kwa macho yake, akaridhika, akaenda zake safari ya kikazi. Hakukumbuka kwamba mwenye kompyuta haoni.

Mchapaji, kama tunavyomwita hapa mtaani, anafanya kazi kwa masikio. Watu wanamletea mikutano yao iliyorekodiwa, naye anaichapa, huku kompyuta ikimsomea kila anachogusa. Ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo tangu macho yapotee. Yalipoanza kufifia alificha mwaka mzima, ukimuuliza kitu kiko wapi, anakujibu, "Si kipo palepale." Alipofika kwa daktari, dawa haikuwa na la kuokoa. Daktari akauliza kama kuna mwingine aliyepofuka hivyo kwenye ukoo, wakasema hapana.

Jumatatu akaiwasha kompyuta, akasubiri ile sauti aliyoizoea, aliyokuwa akiiita Bibie. Kimya. Akabonyeza hiki na kile. Kimya. Akaweka kiganja juu ya mashine, akahisi joto lake. Ilikuwa hai, lakini bubu. Kazi ilitakiwa jioni ileile, na ofisi iliyompa ilishamwonya kwamba akichelewa tena watampa mwingine. Simu ya shemeji haipatikani. Majirani wote tuko makazini, nami nikiwemo. Aliogopa, na aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuogopa vile hata siku macho yalipozimika kabisa.

"Mama," akaita. "Njoo uwe macho yangu."

"Mimi na kusoma wapi na wapi?" mama yake akajibu kutoka jikoni. Alitolewa shule angali mdogo ili alee wadogo zake, na hakurudi.

"Usisome. Niambie tu unachoona."

Basi mmoja anajua kusoma lakini haoni, mwingine anaona lakini hajui kusoma. Ungecheka kama isingekuwa balaa. Mchapaji anabonyeza mishale, mama anamwambia ile rangi ya buluu inayofuata mishale imeshukia wapi na herufi zina sura gani. Wakajikuta kwenye picha, wakatoka, wakajikuta kwenye saa. Mchana ukawaishia hivyo. Mchapaji akainamisha kichwa mezani, akalia.

"Inuka," mama yake akamwambia. "Hapa kuna vilima viwili. Halafu nyoka. Halafu duara."

Mchapaji akainuka. "M, S, O. Msomaji. Msomaji wa Skrini. Mama, hapo hapo. Kulia kwake kuna nini?"

"Kulia sipaoni vizuri. Kuna moshi."

"Moshi gani?"

"Huu wa pembeni. Una siku nyingi, si moshi wa jiko huu."

Macho ya Mchapaji pia yalianza kwa moshi wa pembeni, na yeye alisingizia jiko. Akabonyeza bila kufikiri, na sauti ikatoka, ya kiume, ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Msomaji wa skrini amewashwa, ilisema.

"Si hiyo imesema," mama yake akafurahi. "Haya, chapa, jioni hiyo inaingia."

Mchapaji hakuchapa. "Geuka nikutazame."

"Utanitazama na nini wewe?" mama akacheka.

Akaupapasa uso wa mama yake, akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mlango ulikuwa wazi kulia kwa mama, na upepo wake ulikuwa ukiwapiga wote wawili mashavuni.

"Mama, mlango uko wapi?"

Kompyuta ikaendelea kusoma vitu vyake.

"Si upo palepale," mama yake akasema.