Maharagi Yasiyotiwa Majivu

Kwa nini siku ile mama hakutia maji ya majivu katika maharagi? Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, hata katekista alinichoka, lakini swali hilo sikuweza kulijibu.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Ukungu ulikuwa bado umelalia vilima vya Masisi, na chungu kilikuwa motoni. Kwetu maharagi hayakupikwa bila maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Yaliyalainisha upesi. Kibuyu chenye maji hayo kilikuwa pale pale, kando ya mafiga.

Wazungu walikuwa wanapigana kwao, na vita vyao vilitaka mpira wetu. Papa, baba yangu, alipelekwa kuugema katika msitu wa Walikale. Watu wa huko walipoikataa kazi ile na kushika mikuki, askari wa Serikali wakawapiga risasi. Papa akatoroka. Alifika nyumbani, akala viazi vilivyopoa, na alfajiri akateremka kuelekea Sake, ili avuke mpaka, aingie Uganda.

Jua lilipochomoza, askari wakapanda kilima kwa njia ileile.

Wakapekua nyumba. Hawakusema wanamtafuta nani, na mama hakuuliza. Aliwaambia wakae, wale kwanza.

Wakakaa.

Mama akapanga ndizi mbichi juu ya maharagi. Akavuta ukuni mmoja nje ya moto. Mkubwa wao akacheka.

“Mama, hii maharagi iko ya leo ao ya Pasaka?”

“Iko karibu, papa,” mama akamjibu kwa heshima.

Nikakiona kibuyu.

“Mama, leo hautie maji ya majivu?”

Mwiko ukasimama mkononi mwake.

Askari mmoja, kijana, akatazama kibuyu, kisha akamtazama mama.

“Acha, mutoto,” akasema polepole. “Mama anajua jiko yake.”

Hakumwambia mkubwa wake neno. Walikula jua likiwa juu, wakashukuru, wakaondoka.

Papa hakurudi. Nilipokua, mama alinieleza kwamba maharagi yale magumu yalimpa papa nusu siku ya kutembea. Aliamini yuko Uganda na mke mwingine, na akipika alimtukana kwa jambo hilo, huku akicheka. Kila Jumapili, mpaka alipofariki, mama alimwombea yule askari kijana.

Mimi nilifika chuo kikuu, nikatilia shaka mapadri, Serikali, hata Mungu. Huruma ya askari yule sikuitilia shaka kamwe.

Baada ya kumzika mama, nilikutana na mzee mmoja wa Sake, ambaye askari wale walimlazimisha kuchimba kaburi kando ya njia. Walikuwa wamekutana na papa alfajiri ile, kabla hawajapanda kwetu kutafuta watoro wengine. Yule kijana ndiye aliyemfunga mikono.