Paka wa Njano wa Genkuru

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wakati wachimbaji wa dhahabu walipojaa Genkuru kama siafu, nami binti nauza unga na dagaa. Paka wangu mweupe, Tajiri, mnene kuliko wateja wangu wengi, alikuwa amesusa chakula tangu tuhamishe duka. Asubuhi hiyo masikio na fizi zake vilikuwa vya njano.

Masanja, mchimbaji kutoka Usukumani, akapiga magoti kumtazama.

"Dada Bhoke, huyu amelalia dhahabu! Niuzie nishuke naye shimoni, atuonyeshe mwamba wenye dhahabu."

"Angelalia dhahabu angekuwa ameshanunua nyama," nikamjibu.

Akapandisha bei, akapandisha tena. Mimi ninayeomba punguzo hata kwenye salamu nikakataa. Mgonjwa hauzwi. Mchimbaji mwenzake Masanja akatoa panadoli amnyweshe paka; nikamzuia, nikamtia Tajiri kapuni, tukapanda gari hadi Bomani kwa daktari wa mifugo.

Daktari akamtazama fizi, akampapasa tumbo, akampima damu.

"Dhahabu hakuna, binti. Paka mnene akisusa kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini, ini likazidiwa, ndiyo njano hii. Na ile panadoli uliyonieleza ingemuua. Dawa yake kubwa ni chakula."

Akamtundikia dripu, kisha akanipa bomba la sindano lisilo na ncha, nimlishe samaki wa kusagwa, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo, kutwa nzima.

Nilikwaruzwa mikono yote. Majirani wakacheka: "Bhoke kapata mtoto mwenye ndevu!" Nikawaambia, walau huyu ndevu zake anaosha mwenyewe.

Wiki zikapita. Kisha siku moja, nikisaga samaki, Tajiri akaruka mezani, akanyakua dagaa mzima, akala kichwa na mkia. Nilipiga kigelegele hadi wachimbaji wakaja mbio wakidhani mwamba umepatikana!

Masanja akamkagua masikio. "Dada, njano imekwisha."

"Na ugonjwa umekwisha. Sasa taja bei, nikukatalie vizuri."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Paka akikataa chakula kutwa nzima, usingoje. Mtazame fizi na masikio, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ini huugua kwa sumu, kwa maambukizi, hata kwa dawa za watu, basi usikisie, acha damu ipimwe. Na ukipewa kazi ya kulisha, lisha bila kuchoka. Mungu akujalie mkono mpole na moyo mgumu, na kila unachokiuguza kiamke kikidai chakula.