Nauli ya Lori la Mke Wangu

Cheti alichopewa mke wangu kililiwa na mchwa, na jembe alilopewa pamoja nacho halikuwa na mpini. Nayasema haya mapema, msomaji asije akadhani nasimulia habari za utajiri. Miaka ile ya sabini, kumwita mtu mfanyabiashara mashuhuri mbele ya viongozi kulikuwa karibu sawa na kumshtaki, kwa hiyo kwenye cheti waliandika "mwananchi mchapakazi". Lakini kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, nani hakumjua mwenye lori lile la bluu, anayenunua maharage milimani na kurudi na chumvi na mawese? Mimi nilikuwa nauza kafa Ulaya sokoni Kasulu, yaani nguo kuukuu za Wazungu. Nilimwoa nikijua wazi kwamba katika nyumba yetu tajiri atakuwa yeye, na msemaji nitakuwa mimi.

Lori lilikuwa na sheria moja ambayo hata mimi sikuweza kuipunguza. Mwanamke mwenye uchungu akilisimamisha njiani, magunia yanasogezwa, anapelekwa hospitali ya Kibondo, na halipi kitu. Niliwahi kumshauri mke wangu kwamba walau wachangie mafuta. Akaniuliza, "Wewe ulipozaliwa ulichangia nini?" Masika barabara ile ilikuwa na mashimo ya kumeza tairi, na wapo ambao hawakuifikia hospitali. Walijifungua juu ya maharage, chini ya turubai, wakiwa wamemkamata mke wangu mikono mpaka kucha zikaacha alama.

Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Mume wake wa kwanza alimrudisha kwao kwa sababu hiyo, na baba yake akarudisha ng'ombe wa mahari. Tangu hapo mzee alimsalimu binti yake kwa neno moja tu.

Asiyeijua nchi ya Waha atasema, neno moja si linatosha? Kwetu salamu ni kazi. Mnashikana mikono mpaka kwenye viwiko, mnaulizana usiku ulikuwaje, mvua, shamba, ng'ombe, watoto, kila kimoja kwa zamu yake. Mwenye haraka apite njia nyingine. Mzee alikuwa akimwambia binti yake "Mwakeye," umeamkaje, basi, anageukia kiko chake.

Habari zilipofika kwamba atapewa cheti kwenye sherehe kule Kibondo, mke wangu alikuwa anakung'uta magunia uani.

"Watanipa karatasi," alisema. "Sawa. Na baba?"

"Atakuja."

"Sikuulizi kuja. Atanisalimu?"

Hakutaka kingine. Nikamwambia aniachie mimi, maana nimewauzia watu makoti wakati wa kiangazi.

Nikaenda mpaka kwa mkwe wangu, upande wa Nyabibuye, nikiwa na chumvi, tumbaku, na koti zito la sufu. Mzee alilikagua koti mshono kwa mshono, kisha akarudia. Nikampenda.

"Limetoboka hapa."

"Hapo ni pa kupitisha upepo, baba."

"Mwenyewe alikufa?"

"Alinenepa."

Akalivaa. Nikaona biashara inakwenda. "Hilo siliuzi, baba. Njoo Kibondo siku ya sherehe, umsalimu binti yako salamu nzima."

Akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani pangu.

"Mkwe, na wewe unadhani nimenuna?"

"Watu wote wanadhani hivyo."

"Waache." Akawa anatazama migomba yake. "Salamu nzima ina watoto ndani yake. Nikifika hapo nifanyeje? Nikiuliza, nimemchoma mwanangu. Nikiruka, kila aliyesimama pale amesikia nimeruka. Afadhali waseme mzee ana kiburi. Kiburi naweza kukibeba mwenyewe."

Nimevutana bei na Warundi, na Wamanyema, na watu wa pwani ambao huanza kucheka kabla hujataja bei, na sikuwahi kuacha mali bila bei. Siku ile nililiacha koti juu ya kigoda, nikaondoka.

"Amesemaje?" mke wangu aliniuliza.

"Amesema koti limetoboka."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Maneno ya mzee hayakuwa mali yangu ya kuuza.

Safari iliyofuata nilifunga duka, nikapanda lori. Kila kijiji tuliposimama, mke wangu akiwa kwenye mizani na maharage yake, mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba.

"Mama, wewe ulipandishwa lori hili ukiwa na uchungu?"

"Ndiyo."

"Nimekuja kudai nauli."

Mmoja alinitokea na mwiko wa ugali. "Nauli gani! Mwenye lori alisema bure!"

"Mwenye lori ni mke wangu, hajui biashara. Nauli ni hii: siku ya sherehe uje Kibondo na huyo mtoto."

Mwiko ukashuka. "Nije naye amenawa, au hivi alivyo?"

"Akinawa nitashukuru. Asiponawa pia nauli imelipwa."

Siku ilipofika, kiongozi aliongea kwa kirefu juu ya kilimo cha kufa na kupona, akampa jembe mwanamke ambaye hakuwa na shamba. Tukapiga makofi. Mzee alikuwepo, nyuma kabisa, ndani ya koti, jua likimchoma bila huruma. Ndipo wale kina mama wakaingia uwanjani bila kualikwa, wengine na watoto mgongoni, wengine wakiwaburuta kwa mkono. Walipofika kwa mke wangu wakawaambia watoto, "Msalimieni mwenye lori, ndiye aliyewapokea." Niliwahesabu mara mbili, nikapata hesabu mbili, maana watoto hawatulii kama magunia. Baada ya muda mfupi walikuwa wameliparamia lori lote.

Mzee akasimama. Alikuja polepole, watu wakampisha. Akamshika binti yake mikono yote miwili, mpaka viwikoni.

"Mwakeye."

"Mwakeye, baba."

"Usiku ulikuwaje?"

"Ulikuwa mwema."

Akauliza mvua. Akauliza shamba, naye akaonyeshwa jembe lisilo na mpini. Ng'ombe hatukuwa nao, akauliza lori linaendeleaje, akajibiwa gia ya pili inasumbua. Kisha akamkaza viwiko.

"Na watoto?"

Mke wangu aligeuka akalitazama lori.

"Wazima, baba. Yule pale anafungua mfuniko wa tangi."

"Basi mwite ashuke," mzee akasema, bado amemshika. "Ataanguka."