Kope na Macho ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Kope, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi madereva wanavyoondoa macho barabarani kwa ajili ya zile skrini za kugusa ambazo magari ya siku hizi yamebandikwa mbele, za redio, ramani na simu. Alikuwa na chumba chenye gari zima lisilo na injini, pazia jeupe la kurushia picha ya barabara, kamera ndogo za kufuata mboni za macho, na miwani ambayo vioo vyake hujifunga na kujifungua vyenyewe, ili mtu apate nafasi ya kuchungulia tu. Shughuli isiyowezekana kwa kuchungulia kidogo kidogo ni hatari, na skrini hiyo hurudishwa kwa walioitengeneza. Kope aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Hata mezani alipima. Mkewe akitupia simu jicho wakati wa kula, alisikia mtu ananong'ona, "Sekunde nne."

Jambo moja lilimtia aibu: yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Alijaribu akashindwa, akajaribu tena akaangusha kibao cha chuo cha udereva, akaamua kwamba wengine tumeumbwa kupima. Mama mkwe wake, aliyeshika usukani tangu usichana, hakuchoka kumkumbusha. "Huyu ndiye anayetupima sisi tunaojua," alikuwa akisema mbele ya wageni, kwa ule upole unaochoma.

Sasa mama mkwe mwenyewe alikuwa ameanza kugonga vitu. Kwanza geti, kisha kioo cha pembeni cha gari la jirani, kisha geti tena. Mke wa Kope alikosa usingizi. Alitaka funguo za mama zichukuliwe kabla hajagonga mtoto wa mtu, lakini nani wa kumwambia?

"Mpeleke kwenye mashine zako," alimwambia mumewe. "Mimi nikisema, atasema namwonea. Mashine haina ugomvi na mtu."

Kope akaenda kwa mama mkwe akiwa amenywea, akamwambia kwamba maabara inatafuta madereva wenye uzoefu. Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa kwenye yale aliyoyameza. Mama mkwe akavimba kichwa, na siku ya kipimo akafika mapema, amevaa nguo zake za kutokea.

Miwani ndiyo iliyoanzisha vita. Gari likiwa limesimama, aliambiwa atafute stesheni ya redio kwenye skrini huku vioo vikijifunga na kujifungua. Wengine wote hupapasa hivyo hivyo gizani. Yeye, kila vioo vilipojifunga, alikunja mikono kifuani akasubiri.

"Mama, endelea tu," Kope alisema kwa kipaza sauti kutoka chumba cha pili.

"Niendelee na nini, baba? Sioni."

"Ndiyo kipimo chenyewe, mama."

"Mnanifumba macho ndani ya gari, halafu nyie ndio watu wa usalama barabarani."

Mkubwa wa Kope kazini, aliyekuwa kando yake, alikohoa, akajifanya anakagua nyaya.

Ikaja sehemu ya kuendesha. Kwanza kamera huzoeshwa macho ya dereva, kwa kumtaka atazame nukta moja moja kwenye pazia. Baada ya hapo, kila anapotazama huonekana doa jekundu kwenye kompyuta, na akikawia, doa linakua. Jicho likikaa nje ya barabara zaidi ya sekunde mbili, hapo pana ajali inayosubiri siku yake. Mama mkwe aliondoka vizuri, akashika njia yake, na skrini hakuitazama wala kuigusa. Kope akaanza kufurahi. Kisha doa likahama. Likaenda kwenye kiti cha abiria, likatulia, likaumuka kama unga uliotiwa hamira. Kiti chenyewe kilikuwa kitupu. Kwa utaratibu wao hakuruhusiwa mtu kukaa pale, kwa sababu abiria humponza dereva kwa maneno.

"Kamera zimehama," Kope alimwambia mkubwa wake. Akasimamisha barabara, akamwomba mama mkwe atazame nukta upya. Wakaanza tena, doa likarudi kitini. Akasimamisha tena.

"Mwanangu, kama mashine imekushinda, sema tu."

Safari hii, barabara ilipoanza, Kope hakukifunga kipaza sauti cha ndani ya gari, asikie kama kuna kinachomshtua. Ndipo akasikia. Mama mkwe alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu na mwenzake. "Umemwona huyu anavyonichomekea? Hata taa hajawasha." Akageukia kiti, akangoja kidogo, akarudisha macho barabarani.

Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Maisha yao yote ya ndoa alikaa kwenye kiti hicho, yeye ndiye waziri wa redio, ramani na lawama. Kope akazima kipaza sauti. Alijiona kama mtu aliyeingia chumbani kwa watu bila kupiga hodi, na ilimuuma sana.

Jioni alimwonyesha mkewe picha ya gari na doa lake. Mke alikuwa amejiandaa kwa vita, lakini aliitazama picha ile muda mrefu.

"Hapo ni kwa baba," alisema, machozi yakamtoka.

"Najua. Lakini kipimo ni kipimo. Akiwa peke yake hafai. Ataua mtu."

Aliyekwenda kumwambia ni Kope mwenyewe, kesho yake, amekalia ncha ya kiti. Alisema yote, hata habari ya kipaza sauti, akangoja kufukuzwa. Mama mkwe alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Peke yangu," alisema hatimaye. "Sasa nani ana nafasi ya kukaa na mimi? Siku hizi kila mtu anaendesha lake."

"Si kila mtu, mama," Kope alisema.

Jumamosi honi ikalia mlangoni. Kope akapanda, akafunga mkanda, na amri zikaanza. Washa redio. Si hiyo. Punguza. Kaa vizuri, unaniziba kioo. Njia nzima mama mkwe hakumtupia jicho hata kidogo. Macho yalikuwa mbele, safi kabisa, na Kope alifurahi kama mtaalamu, akaumia kidogo kama mkwe. Wakasimama kwenye taa nyekundu. Ikawa kijani, gari halikuondoka. Wa nyuma wakaanza kupiga honi.

"Mama, taa imeruhusu."

"Naiona." Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani. "Yeye alikuwa anasema 'twende'. Sijazoea kuondoka bila kuambiwa."



"Twende, mama," Kope alisema, na gari likaondoka.