Kidole Kisimame Kama Alifu

Kopo la samli halisahau lilichobeba. Jua la adhuhuri likipenya dirishani, chumba changu cha ghorofani, pale Kiponda, kilijaa harufu ya samli kutoka kwenye gambusi langu. Kaka yangu ndiye aliyelitengeneza: kopo, mpini wa ubao wa sanduku la chai, nyuzi tatu za mshipi wa kuvulia samaki, na vipande vya spoki za baiskeli vilivyofungwa kukatiza mpini, kuonyesha pa kubana. Kisha akaenda bara kutafuta kazi, akaniachia. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimeshavunja ungo, basi nikawekwa ndani kama ilivyokuwa ada. Mama alikwishatangulia mbele ya haki. Tulibaki mimi na bibi, aliyeshinda juu ya msala wake na nyiradi zake. Vikombe vya muuza kahawa na vicheko vya watoto waliotoka chuoni kusoma Kurani vilinifikia kama habari za mji mwingine.

Dirisha letu lilitazamana na la Bi Zuena, aliyezoea kupiga gambusi katika shughuli za wanawake. Uchochoro ulikuwa mwembamba, hata pumzi ya mtu ilivuka. Aliponisikia nikikwaruza, akafungua.

"We Asha, unapiga gambusi au unamkuna paka?"

Hakuweza kunishika mkono, akanifundisha kwa maneno. "Usikanyage chuma. Bana nyuma yake, karibu kabisa. Na kidole kisimame kama alifu. Wewe umekilaza kama be." Nikaziona zile herufi za Kiarabu, moja wima, moja imelala, nikacheka mpaka nikajishangaa, maana nyumbani kwetu kicheko kilikuwa kimeadimika.

Siku hiyohiyo akaniambia kwamba mumewe amepata kazi Pemba na mwezi ukiandama watahama. Tangu hapo nilitaka jambo moja tu: anisikie nikitoa sauti safi kabla hajaondoka. Nilibana mpaka ncha za vidole zikawaka moto, na uzi ukazidi kukoroma. Subira huvuta heri, husema wahenga, lakini mwezi haumsubiri mtu.

Ijumaa moja bibi, ambaye hakuwahi hata kulitupia jicho gambusi lile, aliniita nikae mbele yake. Tangu Idi nilikuwa nimefuga kucha, nikizionea fahari kwa hina yake.

"Leo Ijumaa, lete mkono," akasema. "Kucha ndefu hivi, uchafu wote unakaa humo."

Akazikata moja moja, taratibu. Alipofika kidole cha mwisho akaongeza, "Na hicho kikopo chako huenda kikaacha kukoroma."

Kumbe siku zote alikuwa akisikiliza. Alasiri ile kidole, bila kucha ya kukilaza, kilisimama wima na uzi ukalia safi. Nikatazama ng'ambo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Walikuwa wamekwenda kuaga jamaa zao.

Asubuhi yake niliamshwa na magurudumu ya rukwama la hamali. Bi Zuena alikuwa amekwisha kushuka, amevaa buibui, mumewe ubavuni. Uchochoro umejaa wanaume, na mwari hapazi sauti dirishani. Nikalichukua gambusi, nikabana, nikapiga mara moja.

Bi Zuena akasimama. Hakuinua kichwa.

"Naam," akasema, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni.

"Nani kakuita?" mumewe akauliza.

"Jirani yangu." Wakaenda zao.

Mazoea yana taabu. Kwa muda mrefu nilifungua dirisha kila alasiri, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea. Leo nyumba ile ni ya wageni, na watokeao pale dirishani hunipungia mkono kwa adabu, kisha kesho huwa wengine. Wajukuu zangu wa kike huenda shule na kurudi kwa miguu yao. Nasema alhamdulillahi, wala sitamani ile ada irudi. Simu zao hulia kutwa, na jina la anayepiga huandikwa kiooni kabla hawajaitika. Mimi, kwa rehema ya Mola, niliwahi kujulikana kwa uzi mmoja tu wa mshipi.