Ngoma ya Shangazi

Mzungu mmoja alikuja kwa shangazi yangu Tabata, akamwamkia shikamoo, akaomba ajaribu kuipiga kidogo ngoma yake ya unyago. Mie nikamkazia macho. Hawa nawajua: leo anajifunza, kesho ngoma yetu iko kwao, sie tunaiangalia kwenye simu.

"Nani kakutuma?" nilimfokea.

Akasema hajatumwa, na akikataliwa ataondoka. Nikazidi kumshuku. Mtu mwenye adabu kiasi hicho ana lake jambo.

Shangazi, mwenye ngoma, akamjibu taratibu: "Hii ni ya makungwi kumfundia mwali. Mwanamume haigusi."

Mgeni akashukuru, akarudi nyuma hatua mbili.

Kisha shangazi akanigeukia mie, mwanamume wa nyumbani.

"Na wewe inuka. Umeikalia tangu asubuhi."